Mwaka Niliokula Jikoni

Simu ililia asubuhi nikiwa nachambua mchicha, nikaipokea kwa mkono uliolowa. Sauti ya mwanamke ilinisalimu shikamoo, ikasema ni Edita, anapiga kutoka Nyamiaga, Ngara, na kwamba namba yangu amepewa na mwalimu mmoja mstaafu aliyehamia huku kwetu Korogwe. "Mama yangu anatafuta mtu," akasema. "Anasema anaitwa Lehema, zamani alikuwa anapima watoto kwenye mizani. Sijui kama ni wewe, mama." Nilivuta kiti nikakaa. Maisha yangu yote nimeitwa Rehema. Kule Ngara watu wengi huchanganya r na l, lakini mbele ya mgeni walikuwa wanajisahihisha. Bernadeta peke yake hakujisahihisha hata siku moja, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa naitika Lehema kama jina nililopewa nyumbani. Nikamuuliza Edita kama mama yake yuko hai, swali la kijinga, maana alishasema anatafuta. Akajibu, "Yupo. Mguu tu unamsumbua. Anasema kama bado unatembea, uje." Mchicha niliuacha pale mezani. Nilikaa mpaka jua likafika mlangoni, nikirudi mwaka ule mmoja, ambao miaka yote hii nimekuwa nikiupita kando kama mtu anavyopita nyumba ya anayemwonea haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mradi wa lishe ulitupanga wawili wawili, mmoja wa kutoka mbali wa kuandika na mmoja wa palepale mwenye lugha. Kazi yetu ilikuwa kuzunguka kata za Ngara na Biharamulo, kuwapima uzito watoto wadogo na kuwauliza mama zao wanawalisha nini. Hakukuwa na nyumba za wageni huko vijijini, tulilala kwa watu na tulikula kwa watu. Kabla ya kutoka, daktari mmoja alitukalisha darasani siku mbili. Alisema kule kuna joto, mnatembea, mnatoka jasho, mnafika mahali mmechoka na kila mtu anawapa kitu. Msinywe maji ambayo hamkuyaona yakichemka. Msile kilichopoa. Tunda menyeni wenyewe. Mikono osheni kwa sabuni, msioshee kwenye beseni walilooshea watu kumi. "Mkiugua huko," akamalizia, "hakuna wa kuwabeba." Mimi niliyachukua maneno yale kama sheria. Nilinunua pakiti za biskuti, samaki wa makopo na chupa mbili za plastiki, nikafunga begi. Bernadeta, ambaye alikuwa mhudumu wa afya mwenye miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Nyamiaga, aliliangalia lile begi, akalinyanyua kidogo, akalirudisha chini.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Murusagamba. Tulifika na lori la mahindi, barabara imetuchakaza mpaka meno yanauma. Tulipokelewa kwa katekista, mtu mwembamba mwenye sauti ndogo, na mkewe aliyekuwa na kicheko kikubwa kuliko nyumba. Tulipewa chumba cha pembeni ambamo walihifadhi maharage. Magunia yalipangwa mpaka karibu na paa, dirisha lilikuwa ubao mmoja wa kusukuma, na ukutani ilining'inia picha ya Bikira Maria iliyofifia upande mmoja tu, ule uliopigwa na jua. Harufu ya chumba kile ninaijua mpaka leo. Nikifungua gunia la maharage mapya, hata hapa sokoni Korogwe, mwili unaniambia nivue viatu.

Jioni ile zililetwa ndizi zilizopikwa na maharage, zimelazwa juu ya majani ya mgomba, na kibuyu cha umutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu. Nilisema nimeshiba. Mke wa katekista akadhani sijasikia, akarudia kunikaribisha. Nikasema tena nimeshiba, asante mama, nimekula njiani. Uongo huo niliusema wote wakijua kuwa njiani hakuna chakula. Niliingia chumbani nikala biskuti sita nikitafuna polepole ili zisilie. Upande wa pili wa ukuta nilisikia wakiongea Kihangaza, jina langu likipita katikati, kisha kile kicheko cha mama mwenye nyumba na cha Bernadeta vikipanda pamoja. Bernadeta alipoingia kulala nilimuuliza walikuwa wanasema nini.

"Unataka kujua?"

"Nataka."

"Mama anasema una mimba. Katekista anasema hapana, unaogopa kulogwa. Bibi, mama yake katekista, anasema watu wa pwani wanatuona sisi wachafu." Akajilaza, akavuta shuka. "Wawili wa mwanzo walikuwa wanatania."

Sikulala vizuri. Asubuhi Bernadeta aliniamsha kwa kunivuta kidole cha mguu, akasema, "Njoo jikoni." Nilidhani kuna tatizo. Jiko lilikuwa kijumba cha udongo nyuma ya nyumba, moshi ukitoka kwenye nyasi za paa lote. Bernadeta aliinama akaingia kama anaingia kwake, akamwamkia bibi, akachukua kisu bila kuombwa, akaniwekea kigoda na mkungu wa ndizi mbichi mbele yangu. "Menya," akasema. Nikamenya, vibaya, utomvu ukanikamata vidole. Bibi alinitazama akacheka, akanipaka mafuta kiganjani na kunionyesha jinsi ya kushika. Ndizi zikaingia kwenye chungu mbele ya macho yangu. Maji yakachemka mbele ya macho yangu, maharage yakarudishwa motoni mpaka yakatokota tena, na vilipoiva Bernadeta alisema kwa Kihangaza kitu kilichowachekesha wote, bibi akatupakulia palepale kutoka kwenye chungu, moshi ukitupiga usoni. Nilikula mpaka nikaona aibu. Tulipotoka nilimuuliza aliwaambia nini. "Nimewaambia sisi wawili ni walafi, hatuwezi kungoja chakula kifike mezani."

Ndivyo tulivyokula mwaka mzima. Yale aliyoyasema daktari darasani yote yalikuwa kweli, na Bernadeta aliyafuata kuliko mimi, ila hakuna mtu aliyewahi kumwona akiyafuata. Alipokaribishwa maji alisema koo linamtaka chai, na chai ni maji yaliyochemka. Kunawa hakunawa kwenye beseni. Alimwomba mtoto wa nyumba amwagilie kwa kata, akamsifu kwa jinsi anavyomimina vizuri, na sabuni aliitoa kwenye mfuko wa gauni lake kama anatoa pipi. Maziwa aliyapenda, lakini alisema kwao wanayapenda yakifura mpaka yamwagike, na akasimama hapo kuyangoja yamwagike. Kwenye umutobe au rubisi, ile pombe ya ndizi, kibuyu kilipozunguka alichukua mrija, akauweka mdomoni, mashavu yakaingia ndani, akafumba macho, akashukuru. Miezi miwili ilipita kabla sijagundua kwamba hakuwa anavuta kitu. Kwa mihogo alikuwa mkali. Palipokuwa na mihogo michungu aliuliza imelala majini siku ngapi, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza upishi, na jibu lisipomridhisha tulikula kisamvu na ndizi, mihogo tukaisifu kwa macho. Na kwa kuwa mimi ni Mwislamu, alikuwa anatangulia jikoni kuuliza nyama ni ya nini na aliyechinja ni nani. Hakunitangaza hata mara moja. Nilikuja kujua baadaye, mama mmoja wa Kiislamu wa Biharamulo aliponiambia, "Mwenzako anakulinda kama yai."

Sasa nina friji. Nina jiko la gesi na maji ya chupa katoni nzima chini ya meza, na daktari wangu huniuliza nakula nini, namjibu nakula vizuri. Nakula peke yangu, kwenye meza ya watu sita. Chakula ni safi, hakijanidhuru miaka mingi. Lakini nikijiuliza ni lini mara ya mwisho nilikula nikiwa na furaha mpaka nikasahau kijiko, jibu linanipeleka kwenye kigoda kile, goti langu likigusana na goti la Bernadeta kwa sababu jiko ni dogo, macho yanatutoka machozi kwa moshi, na yeye ananipigia hesabu ya watoto tuliowapima: huyu amepungua, huyu ameongezeka, yule mama anasema anampa uji mara tatu lakini macho yake yanasema mara moja. Ripoti zetu nzuri zote ziliandikwa kichwani jikoni kabla hazijafika kwenye karatasi. Wanawake sebuleni walitujibu walivyodhani tunataka. Jikoni, huku wakipepeta, walisema kweli.

Sikukuu ya Krismasi alinipeleka kwao Nyamiaga. Mama yake, Mama Anastazia, alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kupinda, Kiswahili chake kidogo, nacho alikitumia chote kwangu. "Kura, mwanangu, kura," aliniambia, nami siku ya kwanza nilidhani anazungumzia uchaguzi, Bernadeta akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa mama yule sikuhitaji ujanja wowote. Alikuwa ameshaambiwa. Kuku alichinjwa na Mwislamu mmoja aliyeitwa kutoka mjini Ngara, na maji yangu ya kunywa yalichemshwa kwenye sufuria ya peke yake yenye mfuniko, ambayo wajukuu walikatazwa kuigusa. Nilikaa siku tisa. Nilipoaga alinishika mikono yote miwili, akasema kwa Kihangaza maneno mengi, na Bernadeta akayatafsiri kwa ufupi sana: "Anasema usipotee."

Msimu wa joto uliofuata Mama Anastazia aliugua. Ilianza na kifua, kisha miguu ikavimba. Bernadeta aliomba ruhusa akaenda nyumbani, na mimi nikapangiwa Nyamahanga, upande wa Biharamulo, peke yangu kwa wiki mbili. Sikuogopa. Kwa kweli nilijiona nimekomaa. Nilijua maneno ya kuamkia, nilijua kumenya ndizi bila kunasa vidole, na nilikuwa na baiskeli ya mradi. Nilifika alasiri, jua limenikausha midomo, nikapokelewa na familia moja yenye uwezo. Baba alikuwa na duka na mashine ya kusaga, mama alikuwa mtu wa kupenda wageni, na siku hiyo walikuwa wametoka kwenye kipaimara cha binti yao. Watu wengi walishaondoka. Walinikalisha sebuleni kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, wakanifungulia redio, wakaniletea meza ndogo yangu peke yangu. Juu yake waliweka hotpoti tatu za maua, wali, kuku, kachumbari, na jagi la juisi ya maembe.

Nilifungua hotpoti ya kwanza, hakuna mvuke uliotoka. Chakula kilikuwa kimepikwa asubuhi kabla ya misa. Kuku alikuwa wa uvuguvugu, ule wa kitu kilichofunikwa kwenye joto siku nzima. Nilijua. Hapa ndipo nataka niseme ukweli ambao sikumwambia mtu kwa miaka mingi: nilijua kabisa, na mlango wa jikoni niliuona, ulikuwa wazi, wanawake wanaosha vyombo wanaongea. Ningeweza kusimama nikasema mimi mlafi wa cha moto, nipashieni. Wangecheka, wangepasha. Lakini kwa miezi mingi nilikuwa nimekaa kwenye vigoda na moshi, na siku ile mama yule alinisimamia akanimiminia juisi kwenye glasi yenye dhahabu mdomoni, akaniita "mheshimiwa wetu kutoka mradi." Niliona raha. Nilitaka kuwa mgeni, japo mara moja. Nikala kuku, nikala kachumbari, nikanywa glasi mbili za juisi, nikashukuru kwa maneno marefu.

Alfajiri niliamka tumbo likinikata. Mpaka jua linatoka nilikuwa nimetapika mara sijui ngapi na kuhara maji matupu. Yule mama mwenye nyumba alihangaika, maskini, akinishika kichwa na kusema wao wote wamekula na hawana kitu, na ilikuwa kweli, wao walikula mapema kilipokuwa cha moto. Walinipeleka zahanati wamenilaza kwenye mkokoteni wa mashine ya kusaga. Nakumbuka mbingu ikienda kwa vipande, na sauti ya magurudumu. Mganga wa zahanati aliniwekea dripu, akanibana ngozi ya mkono akaona hairudi. Nilimsikia akimwambia mtu nje ya mlango, "Huyu ana ndugu hapa?" Yule mtu akajibu hana. "Basi atafutwe mwenzake wa kazi. Peke yake hivi, sipendi." Dereva wa lori la mbao alikuwa anaelekea Ngara, akapewa ujumbe.

Siku ya tatu nilifungua macho nikamwona Bernadeta amekaa ukingoni mwa kitanda, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kwanza aliniuliza nimekojoa lini. Kisha akachanganya maji yaliyochemka, sukari na chumvi, akaonja yeye mwenyewe, akaanza kunipa kwa kijiko, kijiko kimoja, anangoja, kijiko kingine. Nilipotapika alingoja kidogo akaanza upya. Alifanya hivyo siku nzima. Jioni nilipopata nguvu ya kuongea aliniuliza, "Ulikula wapi?"

"Sebuleni," nikasema.

Alinitazama. Alianza kucheka, kile kicheko chake cha kushika ukuta, na katikati ya kicheko akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Lehema," akasema. "Lehema, wewe."

Nilimuuliza mama anaendeleaje. Akasema anaendelea. Sikuuliza tena. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilikuwa naumwa, na mtu aliyenishikia kijiko alitosha kuwa dunia nzima. Alikaa nami siku tano. Alipata jiko la mkaa kwa mke wa mganga, akalikalisha nje ya dirisha langu, kila kitu nilichokula kilipikwa nikikiona. Nikiwa nimelala nilisikia akipiga soga na wanawake wa wodi, akiwafundisha kuchanganya yale maji ya chumvi na sukari, chupa ya soda ndiyo kipimo, akiwauliza watoto wao wana uzito gani. Hata pale alikuwa anafanya kazi yetu sote wawili.

Siku ya tano asubuhi alikuwa anachuja uji. Nilimwona kupitia dirishani, ameinama na chujio, na mwanamume mmoja akaja anasukuma baiskeli, akavua kofia. Waliongea Kihangaza, maneno machache sana. Sikuhitaji tafsiri, nilishajua neno la mama katika lugha ile. Bernadeta hakunyanyuka. Alimaliza kuchuja uji. Aligonga chujio kwenye ukingo wa sufuria mara mbili, akamimina kwenye kikombe, akaingia nao ndani, akanipa. "Kunywa mpaka chini," akasema. Akasimama akiniangalia mpaka nilipomaliza, akachukua kikombe, akakisuuza kwa maji ya moto, akakifunika. Ndipo akatoka nje, akazunguka nyuma ya zahanati, na nikamsikia.

Mama Anastazia alikuwa ameshazikwa siku iliyotangulia. Bernadeta aliondoka saa ileile. Aliniachia sabuni yake, na akamwelekeza mke wa mganga namna ya kunipikia.

Nilipopona, mwaka wa mradi ulikuwa unaisha. Nilirudi Biharamulo mjini kukabidhi mizani na baiskeli. Asubuhi ya kuondoka nilisimama barabarani na begi langu. Kulikuwa na gari la kwenda Ngara, limewashwa injini, na kondakta aliniuliza, "Dada, Ngara?" Kulikuwa na jingine la kwenda Mwanza. Nilipanda la Mwanza. Nilijiambia nitaandika barua, na niliandika nyingi, na zote zilianza vizuri zikafika kwenye neno la mama zikasimama. Sikumpoteza Bernadeta kwa bahati mbaya. Niliona gari la kwenda kwake, nikapanda lingine. Baadaye maisha yakaja na kazi, ndoa, watoto, mazishi, na kila mwaka uliopita ulifanya barua ile iwe nzito zaidi kuandika.

Kwa hiyo Edita aliposema mama anasema uje, nilisafiri siku mbili. Njiani niliwatazama abiria wenzangu wakinunua mishikaki na mayai kwenye madirisha ya basi, nami nikanunua ndizi mbivu na mahindi ya kuchoma yaliyotoka motoni, na nikajikuta namwambia msichana aliyekaa karibu nami achague yai ambalo halijamenywa. Lami imefika mahali ambapo zamani tulishuka kusukuma. Nyamiaga niliijua kwa mteremko, nyumba zote ni mpya. Edita alinipokea, mwanamke wa makamo mwenye mabega ya Mama Anastazia, akaniongoza hadi uani.

Bernadeta alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya stuli, umefungwa bandeji. Nywele nyeupe zote. Nilimsalimu shikamoo, ambayo zamani sikuwa nampa, akaitika marahaba kwa sauti ileile, akaniambia nikae asije akavunjika shingo. Tuliulizana habari za watoto na za wajukuu, na Edita alipokwenda kuchota maji nilisema lile nililokuja kulisema. Nilisema kuhusu mama. Nilisema kwamba kama ningesimama kwenye ile sebule na kwenda jikoni, yeye angekuwa hapa mama yake alipofariki.

"Angekuwa hapa, ndiyo," akasema Bernadeta. Hakunisaidia. "Mama aliniambia nisiende. Alinishika nguo. Nikaona ana watoto sita na wajukuu nyumba nzima, na wewe kule huna hata mtu wa kukupa maji. Nikaenda. Miguu ilikuwa yangu, Lehema, hukuja kunibeba." Alijipanga vizuri kwenye kiti. "Lakini nilikukasirikia. Si kwa mama. Nilikukasirikia kwa sababu hukuja. Nilikaa matanga nikiangalia njia, nasema, akipata nguvu atakuja. Watu wanauliza, yule mwenzako wa pwani? Nasema yuko njiani. Miaka mitatu nilikuwa na hasira na wewe. Halafu ikaniishia, ikabaki hamu. Hamu haijaisha."

Nililia kama mtoto, mtu mzima na mvi zangu, na yeye alinyoosha mkono akanipigapiga goti huku akiangalia migomba.

Baadaye Edita alinieleza habari za mguu. Ni sukari, na kidonda kimekataa kupona, na madaktari wamesema ukatwe chini ya goti. Bernadeta alikubali kwa sharti moja. Hospitalini mgonjwa anatakiwa awe na mtu wa kukaa naye, wa kumpikia na kumgeuza, na Edita ana watoto wadogo na kazi. Wote walidhani atamtaka dada yake. Akasema atafutwe Lehema.

Ninaandika haya Nyamiaga, chumba cha nyuma, mchana, nikingoja Alhamisi, siku ya kumpeleka hospitalini. Begi la hospitali tumeshalipanga: sufuria mbili, jiko dogo, kanga nne, sabuni. Tumezitumia siku hizi kuzungumza, na tumezungumza karibu kila kitu. Jana nilimshika mkono tukaenda polepole mpaka kwenye kaburi la mama yake, hatua thelathini hivi kutoka uani, na ilituchukua muda mrefu sana, akinipumzikia begani kila baada ya hatua chache. Sasa amelala chumba cha pili, namsikia akipumua kupitia ukutani. Niko hapa, nimefika, na bado nina hamu naye. Nina hamu na mwanamke wa miaka thelathini na moja anayepanda kilima cha Murusagamba mbele yangu na mizani begani, miguu yake yote miwili ikienda haraka, akigeuka kuniambia kwamba tukichelewa tutakuta wameshapakua.